Umesema "please", mbona amenuna?

Mtu akikosea Kiingereza cha adabu, mara nyingi hapati wa kumsahihisha. Msikilizaji anahisi ameamriwa, au anasikia neno lisilomwingia akilini, anajibu kwa mkato na mambo yanaishia hapo. Mkosaji anaondoka akidhani mwenzake ana kiburi. Kwa hiyo njia ninayoiamini ni kuanzia kwenye jibu ulilopata, kisha kurudi nyuma hadi kwenye neno lililoleta shida. Jibu la mtu huonyesha alichosikia, na aliyosikia mara nyingi siyo uliyokusudia.

Kabla ya kuingia kwenye dalili moja moja, fahamu kinachosababisha nyingi kati yake. Kiswahili kinaiweka adabu ndani ya kitenzi chenyewe: "nitumie", "unisaidie", "naomba uniambie". Ile -e ya mwisho inatosha kulainisha sentensi nzima. Kiingereza hakina -e hiyo. "Send" ni ile ile kwa mtoto na kwa mkurugenzi. Hata tofauti waliyokuwa nayo zamani, "thou" kwa mtu mmoja wa karibu na "you" kwa wengi au kwa mtu wa kuheshimiwa, ilikuwa imetoweka katika Kiingereza sanifu kufikia karne ya 18, na "you" ikabaki kwa kila mtu. Adabu ikahamia kwenye vitenzi visaidizi kama "could" na "would", na kwenye kuigeuza amri iwe swali.

Anafanya ulichoomba, lakini kwa ubaridi

Umeandika "Please send me the report today." Ripoti imekuja, bila salamu wala neno la ziada. Kosa ni kudhani kwamba "please" inaigeuza amri kuwa ombi. Inaipunguza makali tu, amri inabaki amri, na mwenzako hakuachiwa nafasi ya kusema hapana. Anayezungumza Kiingereza anategemea nafasi hiyo hata pale ambapo wote mnajua hataitumia.

Kwa mfanyakazi mwenzako mliyezoeana, "Can you send me the report today?" inatosha. "Could you send me the report today, please?" inafaa karibu kila mahali, na kama unataka kukariri sentensi moja tu, kariri hiyo. Kwa mtu usiyemjua, au ombi zito, sema "I was wondering if you could send me the report today." Hiyo "was" haizungumzii jana. Wakati uliopita unalisogeza ombi mbali kidogo na msikilizaji, na umbali huo ndio upole wenyewe. Angalia mpangilio pia: ni "if you could", si "if could you". Vivyo hivyo "Could you tell me where the office is?", si "where is the office", kwa sababu swali limeshaulizwa na "could you" ya mwanzo.

Chanzo cha pili cha ubaridi ni "I want". Kwetu "nataka" inategemea sauti na uso wa msemaji, lakini "I want to speak to the manager" inasikika kama mtu aliyekuja kugombana. "I'd like to speak to the manager" inasema jambo lile lile kwa utulivu.

Halafu kuna "May you please send me the form." Hili limeenea sana, na linatokana na nia njema: mtu amesikia kwamba "may" ni ya heshima kuliko "can", akaipachika kila mahali. Lakini "may" ya kuomba inakaa na "I" au "we", kwa sababu inaomba ruhusa: "May I come in?" Ukiiweka mbele ya "you" inakuwa dua, kama katika "May you live long", uishi miaka mingi. Msomaji ataelewa ulichotaka, ila sentensi itamkwaza. Weka "could" mahali pake, basi.

"Kindly" inahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Afrika Mashariki na India ni neno la kawaida la kiofisi. Mwingereza au Mmarekani anaweza kulisikia kama la kizamani, au kama la mtu aliyeanza kukasirika: "Kindly pay your bill." Mimi ningelibakiza kwa wanaolitumia wenyewe, na kwa wengine niandike "please" ndani ya swali.

Kali kuliko zote ni "had better". Kwa Kiswahili, "ni bora upige simu kwanza" ni ushauri wa kirafiki. Mtu anaigeuza kuwa "You had better call first", naye msikilizaji anasikia onyo: usipofanya hivyo, kuna litakalokupata. Ushauri wa upole ni "It might be better to call first" au "You may want to call first."

Sasa, usitoke hapa ukaanza kutia "could you" kila mahali. Amri ni adabu kamili pale inapomfaidi anayeambiwa. "Come in", "Have a seat", "Take your time" ni maneno ya ukarimu. Ukimwambia mgeni "Could you sit down?", atahisi kama amefanya fujo. "You must" nayo iko hivyo: "You must come and see us" ni mwaliko wa moyo, ilhali "You must sign here" ni amri. Jiulize nani anafaidika. Ukifaidika wewe, uliza. Akifaidika yeye, mkaribishe bila kuzunguka.

Umekubali, naye akaona umekataa

Hapa ndipo watu hupotezana kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu amekuuliza "Would you mind closing the window?" Ukajibu kwa moyo mweupe, "Yes!" Akasema "Oh, sorry", akanyamaza, na dirisha likabaki wazi. Kitenzi "mind" hapa maana yake ni kuona kero. Alichouliza ni: je, utaona kero kulifunga? Kwa hiyo "yes" yako ilisema, naam, nitaona kero. Anayekubali hujibu kwa kukanusha kero hiyo: "No, not at all" au "Of course not", kisha analifunga. Utawasikia wenye lugha yao wakisema "Sure" huku wameshanyanyuka. Wanaeleweka kwa sababu matendo yao yameshajibu. Katika ujumbe wa maandishi hakuna anayekuona ukinyanyuka, kwa hiyo andika "Not at all."

Angalia pia nani atakayefanya tendo. "Would you mind opening the door?" unamwomba yeye afungue. "Would you mind if I opened the door?" unaomba ruhusa ufungue wewe. Ukizichanganya, mtakaa mkitazamana kila mmoja akimngoja mwenzake. Na baada ya "would you mind if I", kitenzi kinaenda wakati uliopita: "opened", "sat", "left". Ukianza na "do you mind if I", kinabaki wakati uliopo: "open", "sit", "leave".

Tatizo hili lina pacha wake katika maswali ya kukanusha. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hukupata ujumbe wangu?", unaweza kujibu "Ndiyo, sikupata", ukimaanisha kwamba aliyosema ni kweli. Kiingereza hakijali kama muuliza kasema kweli, kinatazama tendo lenyewe. Umepata? "Yes, I did." Hukupata? "No, I didn't." "Yes" haiongozani na "didn't". Ukiulizwa "Didn't you get my message?", usijibu kwa neno moja. Ongeza "I did" au "I didn't", na hata ukikosea mwanzo, mwisho utakuokoa.

Zipo tatu nyingine zinazokaa jirani na kuumizana. "I don't mind" ni sawa tu, lolote linanifaa. "I don't care" ni shauri yako, sijali. "Never mind" ni basi, achana nayo. Mwenzako akiuliza mkutane Jumatatu au Jumanne, ukamjibu "I don't care", umemwambia mkutano wake hauna maana kwako. Sema "I don't mind" au "Either day is fine." Na mtu akikuomba urudie ulichosema, "Never mind" humwacha akidhani umechoshwa naye. Rudia tu.

"Of course" nayo inageuka kulingana na mahali. Mtu akiomba msaada, "Of course" ni jibu zuri mno. Mtu akiuliza kujua kitu, mfano "Is the office open today?", "Of course" inasikika kama kumwambia kwamba hata mjinga analijua hilo. Hapo jibu "Yes, it is."

Anakuuliza nani anampa nani

Umesema "Could you borrow me your pen?" na mwenzako amesita. Kiswahili kinatumia "azima" kwa pande zote mbili: naomba kuazima kalamu yako, niazime kalamu yako. Kiingereza kimegawa kazi. Anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Tazama kiima cha sentensi: "Could I borrow your pen?" lakini "Could you lend me your pen?" Ukisahau, shika ile ya "I" na uiache ile nyingine.

"Remember" na "remind" ni kukumbuka na kukumbusha, na hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu sisi pia tunazitofautisha. "Please remember me to call him" inamshangaza msikilizaji, zaidi kwa sababu "Remember me to your mother" ni msemo halali wenye maana nyingine: nisalimie mama yako. Sema "Could you remind me to call him?"

"Ask" inabeba kuuliza na kuomba kwa pamoja. Kinachozitenganisha ni "for". "Ask a question" ni kuuliza, "ask for help" ni kuomba msaada. "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for": "I would like to request a meeting." Ikiwa nomino inaitaka: "my request for a meeting". Ndiyo maana "I request for" inaonekana kila mahali: watu wamechanganya hizo mbili.

Anakujibu "It's not your fault"

Mwenzako amejikwaa, umesema "Sorry!", naye amekutazama kwa mshangao: "Why? It's not your fault." Umetafsiri "pole", neno ambalo Kiingereza hakina. "Sorry" pekee, kwa wengi wao, ni ya mtu anayekiri kosa. Kwa aliyejikwaa uliza "Are you all right?" Kwa aliyekupa habari mbaya, ikamilishe: "I'm sorry to hear that." Kwa mfiwa, "I'm so sorry for your loss." Pole ya kazi haina mwenzake kabisa, na kuisaka ni kupoteza muda. Ukisema "You've been working hard", umefika karibu.

"Samahani" nayo inagawanyika. Ukitaka kumsimamisha mtu au kupita mbele yake, "Excuse me", kabla ya tendo. Ukishamkanyaga, "Sorry", baada ya tendo. Hata ndani ya "sorry" kuna kabla na baada: "Sorry to bother you" unapoanza kumsumbua, "Sorry for bothering you" unapomaliza. Usiposikia, usiseme "What?", sema "Sorry?" kwa sauti inayopanda, au "Could you say that again, please?"

Upande wa pili wa shida hii uko kwenye kusikia. Ukiambiwa "I'm afraid we can't help you", hakuna anayeogopa. Ni samahani ya kukataa, na kuuliza anaogopa nini kutamtatiza.

Anasoma mara mbili, kisha anauliza ulimaanisha nini

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, kwa hiyo maneno mawili tofauti yanaingia kwenye sikio letu kama moja, kisha mkono unaandika lolote kati yake. Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi haitakuokoa, maana neno lililoandikwa ni neno halali.

Baya kuliko yote ni "Please except my apologies." "Accept" ni kupokea au kukubali, "except" ni isipokuwa. Umeomba radhi kwa neno linalobagua badala ya kupokea. La pili ni "I was wandering if you could help me": "wonder" ni kujiuliza, "wander" ni kuzurura. La tatu ni "fill" na "feel". "Fill in this form" ni kujaza fomu, "feel free to call" ni kuwa huru kupiga simu, na zikibadilishana nafasi utakuta "fill free" na watu wanaoombwa kuipapasa fomu.

Kwa anayechanganya r na l, "Please collect me if I'm wrong" ni kuomba uje uchukuliwe mahali. "Correct" ni kusahihisha. Andika neno hilo, lisome kwa sauti, tenganisha r yako.

Mengine ni ya haraka. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kiasi. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni kulegea. "Advice" ni ushauri, nomino, na haihesabiki, kwa hiyo ni "some advice" na si "an advice". "Advise" ni kushauri. "Your" ni yako, "you're" ni wewe ni, ndiyo maana jibu la asante ni "You're welcome". Na ukifunga barua kwa "Yours respectively" umesema kila mmoja kwa zamu yake. Uliyemtaka ni "respectfully".

Umemsifu, uso umebadilika

Umemuuliza mgeni wako "Are you boring?" ukitaka kujua kama amechoka kukaa. Umemuuliza kama yeye ni mtu wa kuchosha. Umbo la -ed ni la anayehisi, la -ing ni la kinachosababisha: "Are you bored?", "I'm interested in your offer", "The talk was interesting." Kosa hili ningelirekebisha kabla ya mengine yote ya sehemu hii, kwa sababu linamgusa mtu mwenyewe, halina namna ya kuonekana dogo.

"Fun" ni raha, "funny" ni cha kuchekesha au cha ajabu. Ukiambia wenyeji kwamba hafla yao ilikuwa "funny", watajiuliza nini kiliharibika. "Too" ni kupita kiasi, kwa hiyo "Your house is too big" ni lawama. "Very" ndiyo ya kusifu. Isipokuwa "You're too kind", ambayo ni shukrani ya kawaida, na hiyo ikubali ilivyo.

Halafu kuna maneno yanayobadilika ukivuka bahari. "Your work is quite good" kwa Mmarekani ni nzuri sana, kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, ingeweza kuwa bora. "Homely" kwa Mwingereza ni mahali penye utulivu wa nyumbani. Ukimwambia Mmarekani kwamba dada yake ni "homely", umesema hana sura. "Very good" haina hatari kokote.

Amekushangaa tangu neno la kwanza

Kiswahili kina "yeye" moja, Kiingereza kina "he" na "she", na ulimi uliozoea moja huteleza. Ukimwita mke wa mtu "he", jirekebishe papo hapo, "she, sorry", uendelee bila maelezo marefu. "Ninyi" nayo imewaponza wengi: "you people" kwa masikio ya Wamarekani hasa ni dharau ya kundi zima. "All of you" au "everyone" inatosha. Kwenye simu, "Who are you?" ni ya polisi. Sema "May I ask who's calling?" Mkionana mara ya kwanza ni "Nice to meet you", mkionana tena ni "Nice to see you".

Barua yako haijibiwi, au inajibiwa kwa kuchelewa

Tazama tarehe kwanza. "Please reply until Friday" inamwambia aendelee kujibu mpaka Ijumaa. "Hadi" yetu ina kazi mbili. Ukomo wa kufanya jambo mara moja ni "by": "Could you reply by Friday?"

Kisha tazama mwisho wa barua. "I expect your reply" ni ya mkuu kwa mdogo. "I look forward to hearing from you" ndiyo inayozoeleka, na ni "hearing", si "hear", kwa sababu "to" hapo ni kihusishi. "I appreciate if you reply" imekosa mifupa: "I would appreciate it if you could reply."

Mwanzoni, "Mr" hufuatwa na jina la ukoo, si la kwanza peke yake. Kwa desturi ya Waingereza, "Dear Sir or Madam" hufungwa na "Yours faithfully", na barua inayomtaja mtu kwa jina hufungwa na "Yours sincerely". Wamarekani huandika "Sincerely" yakaisha.

Kosa limeshatumwa

Usitume aya nzima ya kuomba radhi. Mstari mmoja unatosha: "Sorry, I meant 'accept', not 'except'." Kama kilichoponza ni ukali wa ombi, lirudie kwa umbo jingine: "Sorry, that came out wrong. What I meant was, could you send it by Friday?" Na kama hujui kosa liko wapi lakini umeona mwenzako amebadilika, muulize moja kwa moja: "Did that sound rude? I didn't mean it to."